Mluzi Ambao Mdogo Wangu Hakuusikia

Mdogo wangu anaitwa Waya tangu ujanani, na si kwa wembamba wake tu, ingawa mwembamba ni kweli. Alianza kwa kufungua redio za watu mlangoni kwa mama yetu. Akizifunga, zinabaki skrubu mbili tatu chini, na redio inaimba vilevile. Baadaye akawa fundi mitambo, yule wa kukaa nyuma ya meza ya sauti yenye vitufe vingi: harusi, mahubiri, mikutano, misiba. Miaka thelathini na moja amekaa jirani na spika kubwa kuliko makabati. Mkewe alipofariki alibaki na binti mmoja, akamlea humohumo, mtoto kalala juu ya masanduku ya vifaa huku kwaya inapasua koo.

Huyo binti sasa ana bendi. Si ya harusi. Ni ule muziki wa magitaa mazito, mwimbaji, ambaye ni yeye mwenyewe, haimbi, ananguruma kama mtu anayeng'olewa jino. Bendi yao inaitwa Kutu.

"Baba Mkubwa," aliniambia, "ukija kwenye onyesho letu utakimbia kabla ya wimbo wa pili."

"Mimi nimelelewa na bibi yako. Utanitisha na kelele gani?"

Lakini sikwenda kwa ajili ya muziki. Wiki moja kabla, Waya alikuja kwangu, akakaa, akaminya vidole vyake kimoja kimoja, kisha akasema kwa sauti kubwa mno, "Kaka, zile sauti nyembamba zimenikimbia."

Hasikii tena kengele ya baiskeli, wala birika likipiga filimbi, wala maiki ikipiga mluzi. Na mluzi wa maiki ndio adui wa fundi mitambo. Ukianza, ana sekunde mbili za kuushusha. Zikipita hizo, watu wanaumia masikio. Daktari alishamwambia aache kazi. Binti hajui. Siku ya onyesho zingepiga bendi nne, Kutu ya mwisho, na watu wa studio wangekuja kuwatazama. Binti alikataa fundi mwingine yeyote.

"Nimalizie hii tu," Waya akasema. "Asinione nimekwisha siku yake kubwa."

Ilinipasa nimwambie hapana. Ilinipasa niende kwa binti siku ileile. Lakini nilimwonea huruma mdogo wangu, tukapatana: nitakaa ubavuni kwake, nikisikia mluzi nimguse goti, yeye atashusha. Tulifanya mazoezi sebuleni, mimi napiga mluzi kwa mdomo na kumgusa goti, mpaka mke wangu akauliza kama tumechanganyikiwa wote wawili kwa siku moja.

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, kwenye ghala lililokuwa zamani la saruji. Ukipiga mguu chini, vumbi jeupe bado linatoka. Mlangoni palikuwa na kijana mwenye fulana ya fuvu la kichwa na minyororo kiunoni.

"Shikamoo babu. Umepotea? Kliniki ya macho jengo la pili."

"Marahaba. Nimekuja kucheza."

Wakacheka yeye na wenzake, wakanitafutia kiti.

Bendi ya kwanza ilipoanza nilidhani paa linashuka. Vijana walifanya duara katikati, wakawa wanagongana mabega kama magunia yanayotupwa kutoka kwenye lori. Lakini nikaona jambo: mmoja akianguka, wanne wanainama hapohapo kumwinua, wanamfuta vumbi, kisha wanamgonga tena. Mluzi ulitokea mara mbili. Nikagusa, Waya akashusha. Bendi ya pili, mara moja. Tulikuwa kama mtu mmoja mwenye mikono yake na masikio yangu.

Ya tatu ndiyo iliyonivunja. Ngoma zake zilinipiga kifuani, masikio yakauma hadi kwenye meno. Msichana mmoja akanionea huruma, akanipa vipande viwili vya pamba. Nikavitia masikioni. Nikajiambia nitavitoa Kutu wakipanda. Raha niliyoipata, wacha tu. Nikasahau.

Kutu wakapanda. Waya akainamia meza. Kwake muziki ulikuwa umefifia kana kwamba unatoka chini ya blanketi, hivyo akapandisha zile sauti nyembamba, akapandisha tena. Kwenye wimbo wa tatu niliona watu wameshika vichwa. Nikafikiri ndiyo shangwe yao. Waya naye akafikiri hivyo, akatabasamu, akaniinulia dole gumba.

Kisha duara likavunjika. Kijana wa fuvu alikuwa amepiga magoti, viganja masikioni, mdomo wazi, na safari hii hakuna aliyeinama kumwinua. Hapo ndipo nilipochomoa pamba. Mluzi ukaniingia kama msumari.

Nikamgonga Waya goti. Kabla hajafika kwenye kitufe, mpiga gitaa aliung'oa waya wa maiki jukwaani. Ghala zima likanyamaza. Binti alikuwa ameshashuka, anapita katikati ya watu, mkono umeziba sikio la kushoto. Akatokea nyuma yetu.

"Baba," akasema, polepole. "Baba, unanisikia?"

Waya alikuwa bado anatazama jukwaani, anamtafuta. Akaniinamia, akidhani ananong'ona, watu wote wakasikia: "Kaka, mbona wameacha? Amekwenda wapi?"

Binti akanitazama mimi. Akaitazama pamba mkononi mwangu.

"Ulijua, Baba Mkubwa," akasema. "Ulijua, na bado ukaweka pamba."

Kutu hawakumaliza. Watu wa studio walitoka na wenzao, wakiwa wamekunja nyuso.

Waya hakukaa tena kwenye meza ya sauti. Siku hizi anatengeneza pasi za watu barazani kwangu. Binti huja kumwona kila Alhamisi, humwandikia kwenye daftari. Sikio lake la kushoto halijapona. Anasema linalia mchana na usiku, na kunguruma jukwaani hawezi tena. Mimi hunipa shikamoo kama anavyompa mpita njia.

Alhamisi iliyopita nilimsubiri mlangoni. "Mwanangu, nisamehe."

Akageuza kichwa, akanipa sikio la kulia. "Sema tena?"

Nikasema tena, kwa sauti.

"Nimesikia," akasema, akanipita kwenda kwa baba yake.