Alisoma Mixed

Saa moja asubuhi, Kangemi. Baba alikunywa chai amesimama, akaniambia nimpeleke Nekesa Lavington akaone shule ya wasichana. Nekesa ni dadangu mdogo, yuko grade nine, na mwalimu wake anataka kesho jina ya shule ya sekondari amechagua. Zimebaki mbili: hiyo ya Lavington, na mixed ya hapa kwetu, ya wavulana na wasichana, yenye inafundisha umeme. Nekesa anataka umeme. Amekua akimshikia Baba waya kwa duka yake ya kutengeneza mota River Road, na saa hii anarudishia mota ya pampu waya mpya bila kusaidiwa.

Baba hataki mixed, na sababu ni mimi. Nilisoma hiyo mixed, nikafanya mtihani ya form four nikiwa na mimba ya mtoto wangu, Brayo. Kwa kanisa yetu wamama hawasemi msichana amezalia nyumbani. Wanasema, "Alisoma mixed," kwa sauti ya chini, kama ni ugonjwa. Hakuna mwenye ameniuliza baba ya Brayo ni nani. Hakuwa mwanafunzi. Ni Wafula, fundi mwenye Baba alikuwa ameandika dukani, mwenye Baba alikuwa analeta kula kwetu kila Jumapili. Alienda Eldoret, mimi nikanyamaza.

Saa tatu, River Road. Tulipitia dukani kuchukua ripoti za Nekesa. Alikuta mota imefunguliwa kwa meza, akainama juu yake kabla hata ya kusalimia mtu.

Mzee Singh wa duka ya jirani akamwambia Baba, "Fundi, huyu atakunyang'anya wateja wote."

"Achukue," Baba akasema, anacheka. "Si ni wangu?"

Nilimwangalia akicheka hivyo nikasikia hasira mpaka kwa meno.

Saa tano, Lavington. Barabara ni ukuta, geti, ukuta. Askari wa geti moja alituita kutoka kwa kibanda yake.

"Sasa warembo. Mnatafuta kazi ya nyumba? Hapa wameshapata."

"Tunatafuta shule," Nekesa akamwambia.

Shule yenyewe ni safi, siwezi danganya. Madam mwenye alitupokea alituonyesha maabara, jikoni, bweni. Nekesa aliuliza swali moja tu.

"Umeme mnafundisha?"

"Hapana, mrembo. Wasichana hawakuwa wanaichagua, tukaitoa. Lakini home science yetu, kupika na kushona, ni poa sana."

"Mimi nimeichagua."

"Uko peke yako sasa," madam akasema, halafu akanigeukia mimi. "Mwambie mzazi wenu hapa atalala usingizi. Hakuna hizo mambo za mixed."

Nikasema asante, madam. Mpaka sasa sijui ilinitoka aje.

Saa saba, tukirudi kwa miguu na barabara ya James Gichuru.  Nekesa akasema, bila kuniangalia, "Ungemwambia Baba ni Wafula, ningesoma umeme."

"Nani alikuambia ni Wafula?"

"Hakuna. Niko na macho."

Saa kumi na mbili jioni, nyumbani. Baba alikuwa ananawa mikono kwa karai. Sikungoja akae.

"Baba, Brayo si wa mixed. Ni wa Wafula."

Aliendelea kunawa.

"Najua," akasema. "Hayo masikio ni ya nani mwingine?"

"Sasa mbona unanyima Nekesa shule?"

"Unataka niambie kanisa nini? Eti huyo fundi nilimleta mimi, nikamwekea nyama? Wacha waseme mixed."

Akajipangusa mikono, akamsukumia Nekesa karatasi ya mwalimu. "Andika ile ya Lavington. Umeme nitakufundisha mwenyewe."

Nekesa aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri, hakukosea hata herufi. Baba akatia sahihi.

Nilitoka asubuhi nikidhani Baba amekosea kwa kutojua, na nikimwambia ataelewa. Kumbe alikuwa anajua miaka yote hiyo, na ananiacha nikipita katikati ya hao wamama kila Jumapili.

Nekesa alifunika kalamu.

"Tafuta mtu wa kukushikia waya, Baba," akasema. "Mimi dukani sirudi."

Baba akasema chakula inapoa.