Flati ya Baba Mdogo

Nikisikia harufu ya risasi ya kulehemu, hata leo, pua yangu inarudi Nyamongo kwenye kibanda cha Fundi Swedi, na televisheni yetu imefunguliwa mgongo kama kuku aliyepasuliwa.

Ilikuwa ya chogo, zile nene zenye kisogo nyuma, aliyoiacha marehemu baba. Wakati ule watu wanapata dhahabu kama wanaookota kuni, yenyewe ikaamua kuugua: sauti safi, picha mstari mmoja mweupe katikati. Tuliangalia mpira hivyo hivyo. Nilijaribu kuwahesabu wachezaji, nikarudia, hesabu ikakataa.

Baba mdogo, aliyemfuata baba kuzaliwa, alikuwa amepata mawe mazuri ya dhahabu. Jioni moja akaja na boksi la flati, zile nyembamba, limefungwa nyuma ya bodaboda, na nusu ya kijiji chetu cha Matongo inamfuata.

"Shemeji, toa hilo kabati tuweke televisheni!"

Mimi nilikuwa nimeshafuta meza. Mama akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Yangu inaumwa tu, shemeji. Haijafa."

"Mgonjwa wa hivyo kwa wenzako angeshazikwa."

"Ndiyo maana hujaitwa kumuuguza."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Flati ikarudi ilikotoka, nami nikalala na kwikwi.

Kesho yake tukapeleka chogo kwa fundi. Swedi akalichungulia, akaguna.

"Mama, kwa gharama hii ongeza kidogo ununue nyingine."

"Sijaomba ushauri wa ndoa, fundi. Nimeuliza bei."

Akaitaja. Nilikuwa naombea chogo life, lakini bei ile, wasomaji wangu, ilinikausha machozi. Nikamwambia fundi kwa hela hiyo atutengenezee na antena, na mlango wa nyumba pia. Nikashusha, akapandisha, nikashusha tena mpaka akasema, "Huyu mtoto mkamateni, ataniuzia kibanda changu mwenyewe."

Picha ikarudi, ila kila mtu uso wa kijani. Mama akasema afadhali, wanaonekana wamekula mboga.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Kwetu, mwanamume wa ukoo akiingiza kitu cha maana kwenye nyumba ya mjane, na kikapokelewa, hakuna anayemuuliza mjane tena: amekubali kurithiwa. Ndani ya lile boksi alikuwemo baba mdogo mwenyewe, pamoja na waya wake. Mama alilijua hilo kabla bodaboda haijazimwa, na hakuona sababu ya kunieleza mimi wala kumwomba mtu radhi.

Miaka baadaye alinunua flati yake, kwa mahindi yake. Akamwita baba mdogo aje amtundikie ukutani. Baba mdogo akaitundika vizuri kabisa, akafuta na alama za vidole. Akakaribishwa kiti cha wageni, akapewa chai, akanogewa, akaanza kunyoosha miguu.

"Shemeji," mama akamwambia, kikombe bado kina moto, "nikusindikize?"