Makaa Katika Chumba cha Mbegu

Nilizaliwa bondeni, upande wa mto Momba, ambako hata mwezi wa sita mtu hulala bila kujifunika. Nilipoolewa Igamba, hakuna aliyenionya juu ya kipupwe cha huko juu. Cha kwanza nilikipita nikiwa na mume wangu. Cha pili, tulipokwisha kuvuna mahindi, yeye alifunga mzigo wake akaenda Saza kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu, kama walivyofanya wanaume wengi wakati ule wa Mwingereza. Akaniacha na mtoto wetu wa kwanza, msichana ambaye hata kukaa alikuwa bado hajaweza.

Wakwe zangu walikaa mbali, ng'ambo ya mto. Majirani walikuwapo, lakini Kinyiha changu, lugha ya huko, kilikuwa na lafudhi ya Kinamwanga cha kwetu, na kila nilipofungua mdomo kisimani wanawake walicheka. Hawakuwa na ubaya. Hata hivyo nikaanza kwenda kuteka maji wao wakishaondoka. Zilipita siku nzima sijasikia sauti ya mtu mzima isipokuwa yangu, nikimwimbia mtoto nyimbo za kwetu.

Kisha baridi ikashuka. Ukungu ulikaa juu ya migomba mpaka mchana, na manyunyu yake yalilowesha kuni zikiwa barazani. Mtoto akapata kikohozi. Nikiwasha moto, moshi wa kuni mbichi unamzidishia mpaka macho yanamtoka. Nikiuzima, anatetemeka. Nilikuwa na blanketi moja, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza.

Asubuhi moja nikapata wazo. Nyumba yetu ilikuwa na chumba kidogo chenye dari la udongo, ambamo tulihifadhi mbegu. Nilichota makaa mekundu kwa kigae cha chungu, yasiyo na moshi hata kidogo, nikayaweka humo ndani. Kidirisha nikakiziba kwa gunia, mlango nikaufunga, na ufa wa chini nikausokomeza kitambaa. Joto likajaa upesi. Mtoto aliacha kutetemeka, akanyonya, akalala. Nilifurahi jinsi ambavyo sikuwa nimefurahi tangu mume wangu aondoke. Kichwa kilianza kuniuma, nikadhani ni uchovu. Nikajilaza kando ya mwanangu.

Ninachokumbuka baada ya hapo ni majani yaliyolowa chini ya shavu langu. Nilikuwa nje, kwenye manyunyu. Mwanamke mjane aliyeishi bondeni, chini ya shamba letu, ambaye tulikuwa hatujawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, alikuwa amepiga magoti akimpakata mtoto, amemwelekeza uso kwenye upepo.

"Lia," alikuwa akimwambia. "Lia, mama yangu. Lia."

Nilitaka kuinuka nikatapika. Mtoto alikuwa ananing'inia mikononi mwake kama nguo iliyofuliwa. Mjane akampulizia usoni, akamsugua mgongo, akamwita tena. Ndipo ikatoka sauti nyembamba, mfano wa mwana-mbuzi, na mimi nikaangua kilio kikubwa kuliko cha mtoto mwenyewe.

Moto wa mjane ulikuwa umezimika, akaja kuniomba kaa moja la kuwashia. Alipiga hodi, akapiga tena. Aliposikia kimya ilhali kigoda changu kiko barazani, akajua nimo, akasukuma mlango na kutuburuta nje.

"Kwa nini ulifunga kila mahali?" akaniuliza.

"Moshi unamkohoza, mama. Makaa hayana moshi."

"Moshi ungekufukuza, ungetoka. Makaa yanakulaza tu." Akatazama migomba. "Mdogo wangu tulimkuta hivyo hivyo, yeye na mwanawe. Hakuna aliyepiga hodi."

Hakunikemea. Aliingia akang'oa gunia kwenye kidirisha, akayatoa makaa nje, akambeba mtoto, nami nikamfuata nikiyumba mpaka kwake. Tulikaa huko hadi kikohozi kilipoisha. Kuni alizipanga juu ya meko zikauke kwanza, na mlango wa nyuma aliuacha wazi kidogo muda wote moto ukiwaka, hata kama baridi ilituuma visigino. Aliweka mawe kando ya moto, yakishapata joto anayaviringisha kwenye kitambaa na kuyasogeza miguuni petu. Nyasi za kulalia alizianika kila jua lilipochomoza. Uji wa ulezi tuliunywa wa moto, naye hakuniruhusu kumtoa mtoto nje kabla hajakauka baada ya kuoga.

Kinyiha changu hakikumchekesha. Lakini hakuwa msemaji, na mara nyingi tulikaa tukitazama moto, yeye na wafu wake, mimi na Saza yangu.

Mume wangu alirudi mvua zilipoanza, amekonda. Nilimsimulia yote. Alimshika mtoto muda mrefu, kisha akaenda kumshukuru mjane kwa jogoo. Mwaka uliofuata aliondoka tena.

Kabla ya kipupwe cha mwaka huo, kaka wa mjane alikuja kumchukua aende kuzeekea kwao. Nilimsindikiza mpaka njia panda, mtoto akitembea kati yetu. "Usiache kuacha upenyo," aliniambia, akaenda zake. Nilirudi nyumbani, nikapanga kuni juu ya meko, nikafungua kidirisha. Ukungu ukaingia kidogo. Mtoto alipolala nilikaa karibu na moto, nikasikiliza. Bondeni kwa mjane hakukuwa tena na mtu wa kuja kupiga hodi.