Nyumba ya Milango Miwili

Mama jirani aling'oa mlango wa nyumba yake asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, akauleta kwangu. Aliubeba kichwani kama wengine wanavyobeba godoro. Ulikuwa mlango wa mbao nzito, wa wakati kampuni ya zamani ilipokuwa bado inawajengea wafanyakazi wake nyumba, na kitasa chake cha shaba kilikuwa bado kinazunguka.

"Tata, unichungie huu," aliniambia. "Kwako kunafungika."

Sikuona cha ajabu. Avenue yetu nzima ilikuwa inang'oa milango juma lile. Watu wa mbali wameandika mengi juu ya Kolwezi, juu ya kobalti yetu na magari yanayokwenda bila petroli, na sijaona mahali walipoandika juu ya milango. Pengine waliandika, ni mimi sikusoma vizuri. Niliishia mwaka wa pili wa sekondari, na hata ule wa pili nilikaa zaidi kwenye bustani ya mapadri kuliko darasani.

Ili ieleweke kwa nini tulikuwa tunang'oa milango, lazima nirudi nyuma kidogo, kwenye miaka ile ya kufukuzana.

Wazee wa mama jirani waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, zamani za Wabelgiji. Yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa, katika hospitali ya kampuni, kama mimi. Lakini kampuni ilipoanguka na mishahara ikawa haiji, ikasemekana kwamba walioharibu mambo ni watu wa Kasai, na kwamba wakiondoka, kazi itatutosha sisi tunaobaki. Wakaondoka. Kazi haikututosha. Simlaumu mtu. Wazee wangu ni wa upande wa Lubudi, na hesabu ile waliiamini, na kwa mdomo ilikuwa kweli inaonekana kama inatoka.

Siku ya kuondoka, wengine walibeba cherehani, wengine redio, wengine picha za arusi. Yeye aling'oa mlango. Walingoja treni pale stesheni mpaka watu wakaanza kupanda mboga kando ya reli, na muda wote huo watoto wake walilala juu ya mlango, si juu ya udongo kama wenzao. Kisha mlango ukapanda treni hadi Kasai. Huko akaambiwa kwamba yeye ni Mkatanga, na akaulizwa anarudi kwao lini.

Akarudi. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Wenzake waliporudi walikuta nyumba zao zina watu ndani, watu wa kwetu, wenye funguo, wakisema wao ndio wenyeji. Yeye alikuta nyumba tupu. Mtu mmoja alikuwa amejaribu kuikalia akashindwa: nyumba bila mlango, mbuzi wanaingia, mvua inaingia, wakwe wanaingia. Akahamia nyumba nyingine iliyofungika. Mama jirani akapachika mlango wake, akaingia, akawasha makala, yaani mkaa, akapika bukari, ugali wetu. Nafikiri hakuna mtu katika mji huu aliyewahi kushinda kesi haraka namna hiyo.

Tangu siku ile neno lake juu ya milango lilikuwa na uzito kuliko la mwanasheria. "Batu banaiba nyumba ya kufungika," alikuwa anasema. "Ya wazi hakuna mwenye kuitaka."

Basi ilipokuja habari ya kufukuzwa mara ya pili, safari hii bila kuchagua kabila, kila mtu alijua la kufanya.

Habari yenyewe tuliipata katika mkutano, kwenye uwanja wa mpira wa parokia. Chini ya mtaa wetu kulikuwa na kobalti. Hilo tulilijua, kuna watu waliokuwa wakiichimba chini ya vitanda vyao, na jirani wa upande wa pili alikuwa na shimo sebuleni lililofunikwa na zulia zuri. Tusichokijua ni kwamba ardhi ilikwisha pewa kampuni mpya, ya Wachina, pamoja na watu wengine wa mbali wasioonekana. Msemaji wa kampuni alitueleza kwa kipaza sauti cha mkononi. Dunia inapata joto. Moshi wa magari umezidi. Nchi kubwa zimekubaliana kutumia betri, na sasa zinagombana nani atatangulia kuzipata. Bila sisi hawawezi. Alisema hivyo, bila sisi, kisha kipaza sauti kikazima. Betri zilikuwa zimekwisha.

Akauliza kama kuna mwenye betri. Mama mmoja mwenye meza ya vitu vidogo akamletea, mkutano ukaendelea. Mzee mmoja alinyoosha mkono, akauliza juu ya umeme.

"Na shiye, courant itakuya lini?"

Msemaji alisema hilo ni swali zuri. Nakubali, lilikuwa zuri. Ndipo akasema kwamba kila mwenye nyumba atapata nyumba mahali pengine, kwenye barabara ya kwenda Tenke, na kwamba watakuja watu kutazama nyumba.

Sisi tukasikia jambo moja tu: watakuja watu kutazama nyumba. Tukaanza kung'oa milango.

Mimi sikung'oa wangu. Isidhaniwe kwamba nilikuwa na akili kuliko wengine. Shemeji yangu, fundi wa kuchomelea, alikuwa amenitengenezea mlango wa chuma, fremu yake akaizamisha katika saruji. Nilijaribu kwa nondo. Mke wangu alisimama akitazama, mikono kiunoni.

"Endelea tu," alisema. "Ukuta utatoka kwanza."

Nikaacha. Kwa hiyo kwenye avenue yetu nyumba yangu peke yake ndiyo iliyokuwa inafungika, na kwa hiyo mama jirani akaniletea mlango wake. Nikauegemeza ukutani, nyuma ya kabati.

Mtazamaji alikuja siku hiyohiyo. Alikuwa kijana kutoka Lubumbashi, amevaa gile, kizibao cha kung'aa, na kofia ngumu, mpole, anapiga hodi hata pale pasipo na cha kupigia. Alikuwa na tableti iliyokuwa ikimuuliza maswali, naye anajibu kwa kidole. Sheria aliyopewa ilikuwa fupi: nyumba ni kuta, mabati, na mlango unaofungika. Kikikosekana kimojawapo, ni gofu. Nyumba aliipiga msalaba wa rangi nyeupe ukutani. Gofu alilipiga duara jekundu.

Alikwenda avenue nzima akipiga maduara. Nilimwona usoni kwamba hakufurahia. Alipofika kwangu akashukuru kuona mlango, akauliza kama anaweza kukaa kidogo. Mke wangu akampa maji. Kisha akaona nyuma ya kabati.

"Tata, hii mulango ya pili ni ya wapi?"

"Si yangu. Ni ya mama jirani. Mi niko namuchungia."

"Iko ndani ya nyumba ya nani?"

"Ya yangu."

"Basi. Mashini inauliza nyumba iko na milango ngapi. Haiulize ni ya nani."

"Andika moja."

"Mi naona mbili, tata. Unataka nidanganye, niandike bongo?"

Hapo alinishika. Ni neno ambalo mimi mwenyewe ningemwambia mtu. Nilitafuta jibu la haki, nikaona haki yote iko kwake, na kwamba hata hivyo kitu fulani kimeharibika. Kidole chake kikagusa kioo. Akapiga msalaba mweupe kwenye ukuta wangu, na chini yake akaandika: P2. P ni mlango, kwa Kifaransa.

Mama jirani alirudi kutoka sokoni na beseni lake la samaki wa chumvi. Aligusa duara jekundu kwenye ukuta wake, akanusa kidole. Kisha akaja kwetu, akaona msalaba.

"Nani alikufa?" aliuliza.

Nilimweleza yote, na nilichojibu pia. Hakunigombeza. Aliuliza tu gofu ni nini hasa, nikamwambia ni nyumba iliyokufa, akasema, "Ndiyo hapo. Mi niliuliza nani alikufa, haukunijibu."

Kesho yake asubuhi nyundo zililia avenue nzima. Kila mtu alikuwa anapachika mlango wake. Mama jirani aliupachika wake, akaufunga, akaketi mbele yake kwenye kiti, amevaa kitenge cha misa. Kijana alirudi, akaona milango yote hiyo, akavua kofia yake ngumu.

"Mama, mashini ilikwisha kutuma. Mi siwezi kurudisha."

"Ilituma wapi?"

"Kule kwa bakubwa. China, ao Ulaya. Mi sijui."

"Kumbe! Mulango yangu ilikwisha kufika China, na mi sijafika hata mji ya Musumba, hapa kwetu."

Watu walicheka, na kijana naye alicheka, halafu akaacha.

Wiki hizo walipita wageni wengi. Mwanamke mzungu mmoja alikuja na mtu wa kamera, akauliza maswali mazuri, na aliandika majibu yetu bila kuyapunguza, nilimwona. Alitaka kujua kama kampuni ya Wachina ni mbaya kuliko zile za Wazungu zilizotangulia. Mama jirani ndiye aliyejibu.

"Mara ya kwanza tulifukuzwa na ndugu," alisema. "Tungoje nihame, njo nitakwambia nani alifukuza muzuri."

Kinachopaswa kujulikana ni alichokuwa anangojea. Wenye msalaba walipewa nyumba kwenye barabara ya Tenke. Wenye duara walipewa usafiri, kwao na mizigo yao, mpaka mahali pa asili yao. Wengi wa avenue yetu walikuwa na asili ya karibu: kaka Lubudi, mjomba Fungurume. Haikuwafurahisha, lakini walikuwa na pa kushukia. Mama jirani aliitwa chini ya hema la ofisi ya uhamisho, nikamsindikiza. Bwana aliyekaa pale alikuwa na haraka ila si mkorofi.

"Kwenu ni wapi, mama?"

"Kolwezi."

"Na mbele ya Kolwezi, zamani?"

"Mbele ya Kolwezi nilikuwa tumboni."

"Na huyo mwenye tumbo?"

Mama jirani akamwekea kadi yake mezani. Bwana akatazama jina lake la ukoo, akaandika mwenyewe. Lori litampeleka stesheni. Kutoka stesheni, treni ya Kasai.

Nilisema kwamba mama huyu amekwisha pelekwa kule mara moja, na haikufaa. Bwana akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ni jirani. Akasema jirani hana kisanduku katika fomu, na nilipotazama, kweli hakikuwepo.

Tulirudi nyumbani. Mke wangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaendelea kutwanga, kisha akasimamisha mchi.

"Kwetu baliandika milango ngapi?"

"Mbili," nilisema.

"Ya pili ni ya nani?"

"Ya mama."

"Sasa munalilia nini?"

Nakiri sikuelewa papo hapo. Mama jirani alielewa kabla yangu, akaanza kumsaidia kutwanga.

Siku ya kuhama, wenzetu wa maduara wakiwa wamekwisha ondoka, malori yalikuja mawili kwenye avenue, moja la Tenke, moja la stesheni. Mama jirani aling'oa mlango wake kwa mara ya mwisho, akaubeba kichwani, akapita lori la stesheni, akauweka juu ya lori letu, juu ya kabati, akapanda akaukalia. Bwana wa hema alikuja na karatasi zake.

"Mama, nyumba moja, famille moja."

Mke wangu alimjibu kutoka juu ya vitanda. "Tata, tazama katika mashini yenu kama nyumba yetu iko na milango ngapi. Tunabeba ya pili. Mukipenda ibaki, muende mubadilishe kule China."

Bwana alitazama. Iliandikwa mbili. Alikuwa mtu wa kufuata kilichoandikwa, na kwa hilo namheshimu. Akarudi kwenye hema lake. Dereva wa lori la stesheni alituuliza kama anaweza kwenda, akaenda na lori tupu.

Nyumba tuliyoikuta ni ya matofali ya saruji, vyumba vitatu, joto mchana na baridi asubuhi. Kwa kuwa iliandikwa P2, walikuwa wametujengea milango miwili kweli, mmoja mbele na mmoja nyuma. Majirani wote wapya wana mmoja. Mama jirani alizunguka nyuma, akaugonga wa kampuni kwa kidole. Ulikuwa mwepesi, wa vipande vya mbao vilivyogundishwa.

"Hii ni ya kabati," alisema.

Akaung'oa, akapachika wake. Ulikuwa mpana kuliko fremu. Tulichonga ukuta kwa nondo ileile iliyonishinda zamani. Baadaye tukajenga ukuta wa ndani, yeye, ambaye watoto wake walikwisha tawanyika, akachukua chumba cha nyuma, sisi viwili vya mbele. Ukuta ni mwembamba. Asubuhi namsikia akikohoa, na nadhani yeye ananisikia nikiuliza maswali ambayo mke wangu hayajibu.

Bado nafikiri juu ya jibu nililompa kijana. Nilisema kweli, mama jirani akakosa nyumba; ilikuwa kweli ileile, naye akapata chumba. Sijui niiweke upande gani. Vilevile sijui kama magari yale yanapunguza moshi; wanaoyaendesha wanasema yanapunguza, na sina sababu ya kuwakatalia. Nyaya za umeme zinapita juu ya mtaa wetu mpya, nene, zinakwenda mgodini. Sisi tunapikia makala.

Juzi walipita wageni wengine, vijana wenye heshima, sikushika vizuri ni wa nchi gani. Mmoja alimwonyesha mama jirani picha katika simu: gari jeupe, linang'aa, linakwenda kwa betri. Akamwambia kwamba ndani yake kuna kobalti, labda hata ya chini ya nyumba yake ya zamani. Mama jirani alivaa miwani, akatazama kwa makini.

"Iko na milango ngapi?"

"Minne, mama."

"Famille nne, basi," alisema, akamrudishia simu. Kisha akaingia ndani. Mlango wake unashuka kidogo upande wa bawaba, lazima auinue kwa kiwiko ndipo ufungike. Aliuinua, ukafungika.