Mti Ulionyimwa Mhuri

Mwaka wa hamsini na sita Kemboi alikuwa askari wa msitu upande wa juu wa Njoro, pale barabara ya Mau Narok inapoacha mashamba ya ngano na kuanza kupanda. Serikali ilimpa kofia, koti la kaki na nyundo. Nyundo hiyo upande mmoja ilikuwa kishoka cha kubandua gome, upande wa pili ilikuwa na herufi za serikali. Mti uliogongwa herufi hizo ulikuwa wa kukatwa. Ambao haukugongwa, hata ukiziba njia, hakuna aliyethubutu kuutia msumeno.

Wakati huo alikuwa amemposa Zeddy, binti wa mzee Kiprugut. Ng'ombe walikwisha kufika. Kilichobaki ni asali ya kutengenezea pombe ya baraka, na asali hiyo ilipaswa kutoka kwenye mizinga ya bwana arusi mwenyewe. Ya kununua haikukubaliwa. Mtu asiye na mzinga alihesabiwa kuwa hana kwao. Siku hizi arusi hubarikiwa kwa soda, na hakuna anayeona ajabu.

Mizinga ya Kemboi ilining'inia kwenye mti mmoja mkubwa wa podo alioachiwa na marehemu baba yake. Msitu mzima ulijua podo ile ni ya nani.

Kabla ya mvua, Bwana Peterson, msimamizi wa msitu, alikuja na farasi wake akanyoosha fimbo kuelekea bondeni.

"Hii yote piga nyundo. Kubwa, dogo, yote. Mimi nataka panda saipresi."

"Yote, bwana?"

"Wewe iko masikio?"

"Iko, bwana."

Kemboi aligonga miti ya bonde lile mpaka mkono ukavimba. Alipofika kwenye podo ya baba yake aliitazama, akahamishia nyundo bega la pili, akaenda kugonga uliofuata.

Wapasuaji mbao walipofika, mnyapara wao Achola aliuzunguka mti ule mara mbili.

"Askari, huu umenyimwa mhuri kwa nini? Ni shemeji yako?"

"Umeoza ndani."

Achola aliugonga kwa kisigino cha shoka. Mti ukalia kama kengele ya kanisa.

"Mwenzangu, kama huku ndiko kuoza, na mimi nioze."

"Huu una mizinga yangu ya arusi."

"Sasa hapo umesema," Achola akasema, akawaita watu wake wasonge mbele.

Bonde likakatwa. Mabaki yakachomwa, mvua ikanyesha, miche ya saipresi ikapandwa kwa mistari kama askari kwenye gwaride. Katikati podo ikasimama peke yake. Kemboi aliipita kila asubuhi na kila asubuhi aliridhika.

Msimu wa asali ulipowadia, alimchukua mzee Kiprugut waende wakarine pamoja. Kemboi akapanda na moshi wake. Alikaa juu kitambo, kisha akashuka. Moshi ulikuwa bado unafuka, bila wa kufukizwa.

"Wamehama," akasema.

"Wangekula nini? Majivu?"

"Mti niliuokoa, mzee."

"Uliokoa nguzo. Nyuki hulala hapa, lakini hali hapa."

Mwana wa mrina asali alipaswa kulijua hilo kabla ya kujua kutembea, na alilijua. Lakini alikuwa ameishi na nyundo mpaka msitu ukawa, machoni pake, mti mmoja na mti mwingine: wa kugonga na wa kuacha. Aliokoa mti uliokuwa na mizinga, na kwa mkono uleule akaigonga miti yote iliyokuwa na maua.

Kiprugut alitaka arusi ingoje mpaka Kemboi apate nyuki kwenye msitu mwingine. Zeddy akamuuliza, "Baba, ninaolewa na mtu au na mzinga?"

"Zamani ilikuwa vyote viwili," mzee akajibu. Lakini hakubisha tena, na pombe ikapikwa kwa sukari ya duka la Mhindi wa Njoro.

Siku yenyewe wageni walijaa uani. Desturi ilikuwa baba wa bibi arusi apige funda moja bila kumeza, kisha awapulizie maharusi pombe hiyo vifuani, na hapo ndipo ndoa husimama. Kemboi na Zeddy wakapiga magoti. Kiprugut akainua kibuyu, akajaza kinywa, akawainamia. Zeddy akafumba macho.

Mzee akameza.

Wageni walingoja. Kuku mmoja alipita katikati yao.

"Baba, umesahau," Zeddy akasema kwa sauti ya chini.

"Sijasahau, mama. Hii ni ya kunywa tu."

Akampa mgeni wa karibu kibuyu, akaomba kiti.