Chungu Kilichoondoka na Makande

Nje ni baridi ya Denmark. Humu makumbusho mnanukia nta ya sakafu, na nyuma ya kioo kimekaa chungu cheusi chenye alama ya kidole gumba ukingoni. Kidole hicho ni cha bibi yangu.

Miaka mingi iliyopita, mgeni wetu kutoka nchi hii alikuwa anateremka kutoka kwetu mlimani kwenda mjini Same. Bibi akajaza makande kwenye chungu chake, akakifunika kwa jani la mgomba.

"Bibi, chungu kizuri mno!" mgeni akasema.

"Kula ushibe, mwanangu."

Kwetu chombo kilichotoka na chakula hurudi na kitu ndani, hata kitunguu kimoja. Hilo haambiwi mtu; kila mmoja hulijua.

Tangu hapo bibi alipikia sufuria, akilalamika kwamba makande yananuka bati. Kila aliyepanda kutoka Same, bibi alimuuliza, "Mgeni wangu hujamwona?" Hata aliposhindwa kuinuka kitandani aliniambia, "Akija mkimbilie umpokee. Mikono yake itakuwa imejaa."

Nimesogeza uso mpaka kioo kikaingia ukungu. Nimekifuta kwa mkono wa koti, nikachungulia chunguni.

Ndani hamna kitu.