Mahali pa Minza Kwenye Foleni ya Bomba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo inanirudia hata nikiwa nakula, na wala haikuanza kwa ajabu yoyote. Ilikuwa Alhamisi, jua la saa saba, mimi natoka kuazima kiraka cha baiskeli. Nitaifikia. Kwanza kaa vizuri. Najua unajiuliza kwa nini unaitwa mwanangu na mtu wa Kidato cha Nne mwenye ndevu tatu, tena moja imeota shingoni. Lakini wewe ni njuka, umeingia Kidato cha Kwanza juzi, sare yako bado ina mikunjo ya dukani. Kwenye shule hii mimi ni mzee. Sikuutafuta uzee huu. Umeniingia kwa ajili ya wimbo, na jana asubuhi nilikusikia wewe na wenzako mkiuimba pale bombani.

Mmoja akauliza, "Alifuata nini?" Wengine mkaitikia, "Mizani!" "Mchanga upo?" "Upooo!" Mkacheka, mkagongeana mikono. Nilipouliza wimbo ni wa nani, ukanijibu, "Ah, kaka Masanja, ni wimbo tu. Tumeukuta."

Hamkuukuta. Niliutunga mimi, nikiwa Kidato cha Pili, nimeegemea dawati, kwa muda wa mtu kuchonga penseli. Nimechoka kuusikia. Nisikilize nikwambie unamhusu nani.

Minza ni jirani yetu. Kwao na kwetu pametenganishwa na ua wa minyaa tu, kuku wao hutaga kwetu na sisi tunanyamaza. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na tano. Baba yake alikuwa hoi kwa mgongo, kwa hiyo pamba yao msimu ule ilikuwa kazi ya Minza: kupalilia, kuchuma, kuchambua. Siku mbili nzima nilikaa naye barazani tukichambua, safi huku, fifi, ile chafu, kule, malipo yangu michembe ya viazi vikavu na masimango.

"Masanja," aliniambia, "ukichambua pamba kama unavyofanya hesabu, baba atakwenda kuuza majani."

Pamba ile niliishika kwa mikono yangu. Haikuwa na mchanga hata wa kumwingia sisimizi jichoni. Hilo ulishike, maana mimi nililiachia.

Ulikuwa msimu wa kwanza wanunuzi binafsi kufika kijijini kwetu, huku upande wa Ngulyati. Wazazi wetu walizoea kupeleka pamba kwenye chama cha ushirika, kupewa karatasi, na kuisubiri hela mpaka maandishi yanafutika. Ghafla akaja Bwana Karani, na mizani mpya, na kofia, na pikipiki, analipa hapohapo. Alijifunza na Kisukuma cha kusalimia. "Mwangaluka, mayu!" anawaambia mama zetu, na mama zetu wanayeyuka kama wameamkiwa na mkwe. Watu walimpenda kuliko walivyompenda katekista, na katekista wetu ni mtu mwema, tatizo lake ni mahubiri marefu.

Alhamisi ile asubuhi, Karani alimwambia Minza mbele ya watu kwamba gunia lake moja lina mchanga. Aliache, arudi mchana lipimwe upya. Minza akarudi mchana. Mimi na kiraka changu tukakutana naye kwenye kinjia cha nyuma ya ghala la Karani. Hakuwa na kanga yake. Mguu mmoja ulikuwa na ndala, mwingine hauna. Alikuwa anatetemeka kama mtu wa malaria. Nilifungua mdomo nimtanie, maana ndiyo salamu yetu, naye akasema taratibu, "Masanja, usiniangalie. Kamwite mama."

Nilikimbia kumwita mama yake. Sikujua yote, mwanangu, ila nilijua ya kutosha. Mtu wa miaka kumi na tano anajua.

Jioni ile mama yake alimpeleka hospitali na polisi, mjini Bariadi, kwa baiskeli mbili za kuazima. Karani akakamatwa, ghala likafungwa kwa siku chache, kisha akapata dhamana akarudi. Hizo siku chache ndizo zilizokikasirisha kijiji. Kilimkasirikia nani? Nenda bombani uwasikie, niliwasikia mimi nikiwa na dumu langu.

"Saa saba mchana, peke yake, alifuata nini?"

"Mwanaume ana hela zake yule. Atakosa mwanamke mpaka akamate mtu kwa nguvu?"

"Kakutwa na mchanga kwenye pamba, sasa anatafuta pa kutokea."

Halafu mama mmoja, kwa sauti ya chini, akiwa ameinamia ndoo: "Na sisi pamba yetu tutampelekea nani?"

Huyo wa mwisho ndiye aliyesema lililokuwa moyoni mwa wote. Mwenyekiti wa kitongoji alikwenda mara mbili kwa baba yake Minza kumshauri wapokee ng'ombe, jambo liishe kiutu uzima. Mzee akamjibu akiwa amelala kifudifudi kwa ule mgongo, "Huyo ng'ombe nitamchunga kwa macho gani?" Mwenyekiti akaondoka akisema mzee ana kiburi.

Na mimi? Mimi nilikuwa mchekeshaji wa darasa. Mchekeshaji ana njaa, mwanangu. Jana alichekesha, leo asipochekesha anajiona hayupo. Somo la Uraia lilikuwa limelala, mwalimu katoka, mimi nikanyanyuka na kuuliza kama mama wa bombani, kiuno nimekishika, "Alifuata nini?" Mwenzangu wa nyuma akajibu, "Mizani!" Nikauliza, "Mchanga upo?" Darasa zima, "Upooo!" Wakagonga madawati mpaka wa darasa la jirani wakaja dirishani. Nilijisikia mfalme. Gunia lile nilikuwa nimelichambua mimi, na kichwa changu hakikunikumbusha. Au kilinikumbusha, nikakizidi kwa kelele.

Wiki moja tu, wimbo ukafika bombani kabla yangu. Waliuimba watoto wa shule ya msingi, wanaruka kamba nao. Mtu akidanganya, anaambiwa ana mchanga.

Kwetu unajua ndoo ndiyo mtu. Unaiweka kwenye foleni alfajiri, unarudi kufagia, unapiga mswaki, ndoo yako inasogezwa na watu hata usiosalimiana nao. Sijawahi kuona mtu akiruka ndoo ya mwenzake, hata waliogombania shamba. Ya Minza ilianza kukutwa nyuma kabisa, imepinduliwa. Anairudisha, watoto wanaanza, "Alifuata nini?" Siku ya tatu hakuja. Akaanza kwenda mtoni, mto mkavu, karibu saa nzima kwa mguu, anachimba mchanga kwa bakuli mpaka maji yajikusanye. Nilimwona anapita na ndoo kichwani. Nikageuka nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa pekupeku.

Basi bwana, Jumamosi moja Karani akaniita dukani. "We Masanja! Msanii! Njoo hapa." Akaninunulia soda ya chungwa mbele ya watu, akanipiga bega.

"Kijana," akasema, "umenisaidia kuliko wakili."

Watu wakacheka. Mimi nikanywa. Nilifika nusu ya chupa, nikairudisha kaunta. Nimetukanwa mara nyingi, nimechapwa na walimu wa masomo yote mpaka wa Kilimo, lakini hakuna kilichowahi kunichapa kama ile asante.

Nilikwenda kwa bibi yangu. Mimi na bibi ni watani, yeye ananiita mume wangu na kulalamika kwamba tangu harusi sijamletea kitenge. Alikuwa anakata viazi vya michembe. Nikamsimulia habari ya soda, na kwa ujinga wangu nikaisimulia kwa kuchekesha, na sauti ya Karani nikaiiga. Bibi hakucheka. Akaweka kisu chini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mke wangu."

"Leo usiniite hivyo." Hajawahi kukataa utani wangu, mwanangu, hata siku aliyofiwa na ndugu yake. "Siku ile ulimwona Minza njiani?"

"Nilimwona."

"Ukiacha mama yake, ulimwambia nani?"

Bibi akachukua kiazi kingine, akakiangalia, hakukikata.

"Mchanga ambao hukuuona umeutangazia shule nzima. Uliyemwona kwa macho yako umemnyamazia. Na aliyemuumiza anakununulia soda. Haya, nyanyuka, tunakwenda kwa mama yake."

Alinishika mkono kama mtoto wa chekechea, tukavuka ua. Kesho yake tukaenda polisi, nikaandikisha niliyoyaona. Nilirudi najiona shujaa. Nilidhani ndiyo imekwisha.

Miezi ikapita ndipo nikaitwa mahakamani. Nilitegemea ukumbi wa watu, kumbe ni chumba: hakimu, mwandishi wake, mwendesha mashtaka, Karani katika shati jeupe, na Minza karibu na dirisha. Nikaeleza yote. Kanga, ndala moja, kutetemeka, na pamba ambayo nilichambua mwenyewe. Nilieleza vizuri, sikujikwaa. Kisha Karani akaruhusiwa kuniuliza maswali. Akasimama kwa adabu.

"Kuna wimbo unaimbwa shuleni kwenu. Aliutunga nani?"

"Mimi."

"Mwambie mheshimiwa maneno yake."

Nikamtazama hakimu, naye akaashiria niseme. Nikasema. Alifuata nini, mizani, mchanga upo, upo. Ndiyo mara ya kwanza maneno yale kusemwa bila mtu kucheka. Nilisikia kalamu ya mwandishi ikiyaandika, moja baada ya jingine. Minza alikuwa anaangalia nje.

"Kwa hiyo wewe mwenyewe ulitangaza kwamba gunia lina mchanga?"

"Nilikuwa natania."

"Ulitania siku ile, au unatania leo?"

Hakimu alisubiri nijibu. Alisubiri kwa muda wa haki kabisa. Mimi, niliyekuwa na jibu la kila mwalimu, nikaambiwa niteremke kizimbani.

Aliachiwa, mwanangu. Ilisemwa ushahidi una mashaka. Sikuwa peke yangu katika hilo, wapo watu wazima waliomsikia akimwambia Minza arudi mchana, na siku ya kesi hawakutokea, walikuwa na pamba ya kupima. Lakini katika yale mashaka, moja lina jina langu. Msimu ulipokwisha Karani alihama na mizani yake. Siku hizi wanunuzi wapo wanne, wanagombania pamba yetu mpaka wanatufuata mashambani. Kile watu walichoogopa kukikosa kimejaa tele.

Nilimfuata Minza mtoni kumwomba radhi. Alikuwa amepiga magoti, anachota kwa bakuli. Nikasema nisamehe, akaendelea kuchota. Nikasema nitakuchotea maji bombani kila siku, nikuletee mpaka mlangoni.

"Mikono yangu haina ugonjwa," akasema. "Nataka kuchota bombani kama watu, bila kuimbiwa. Wewe ndiye uliyewafundisha. Kawafundishe kuacha."

Huu ni mwaka wa pili nafanya kazi hiyo. Nimepita darasa kwa darasa. Nimekwenda shule ya msingi, watoto wakadhani nimekuja kuwaimbia. Nikizima huku, unawaka kule. Na kila alfajiri naweka ndoo moja kwenye foleni, ile ya bluu yenye mpini wa waya, mmeiona. Si yangu, naiweka kwa jina la Minza. Inasogea, inafika mbele, mwenyewe hayupo, naitoa tupu narudi nayo. Wenzangu wananiita mwendawazimu. Sawa.

Jana alikuja.

Wewe hukumwona kwa sababu ulikuwa umempa mgongo. Alikuwa amefika kwenye minyaa ya mwisho, kata ya kanga iko kichwani, anaitazama ndoo yake ikiwa ya tatu kutoka mbele. Wa tatu, mwanangu. Ndipo mkaanza, "Alifuata nini?" Sikukuchapa. Mwaka jana ningekuchapa. Nilibaki nimesimama, nikamwangalia anavyogeuka kuelekea mtoni.

Kwa hiyo shika haya kutoka kwa mzee wako. Ukisikia mtu kafanyiwa vile, utasikia na watu wakiuliza alifuata nini. Huyu alifuata mizani, kupima pamba ya baba yake. Hata angefuata jambo jingine lolote, wa kuulizwa ni yule aliyemfanyia, na wewe uwe wa kwanza kuuliza hivyo, hata ukiwa mdogo kuliko wote bombani. Ulichokiona kwa macho kiseme mapema, kwa mama, kwa mwalimu, kwa polisi, kabla hujakifanyia mzaha, kwa sababu siku utakapotaka kuaminiwa, mzaha wako utakuwa umekutangulia mlangoni. Na mtu akija na ng'ombe ili mnyamaze, kumbuka yule mzee aliyelala kifudifudi.

Mimi mitihani ikiisha naondoka. Ile ndoo ya bluu nitaiacha kwa bibi yangu, nyumba ya pili baada ya minyaa. Ichukue wewe. Iweke alfajiri, isogeze, ikifika mbele na mwenyewe hajaja, itoe, kesho uiweke tena. Usimchotee, hataki. Mlindie mahali pake tu.

Mungu akukuze, akupe ndevu nyingi kuliko zangu, na akuache na mdomo huohuo wa utani, maana naupenda. Na asubuhi Minza atakapofika, akukute umesimama pembeni ya ndoo yake, umenyamaza, na maji yanatoka.